Siku Niliyombeba Mama Zaina

Niwaambie mapema, msije mkasema baadaye kwamba niliwadanganya: mashindano ya pikipiki ya Kisangani yalipoanza, mimi sikuwa dereva. Nilikuwa mteja. Ndiyo, yule anayekaa nyuma. Najua mnacheka. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize, maana kazi ya kukaa nyuma niliifanya kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Basoko, na kama huko Basoko kuna anayebisha, apande pirogi, ule mtumbwi wetu, aje.

Siku za kazi nilikuwa fundi. Pikipiki zilifika mjini zikiwa vipande ndani ya kartoni, na sisi wa karakana ya Papa Ramazani tulizifungua na kuziunga. Nimeunga pikipiki nyingi mno. Zingepangwa mstari mmoja zingefika Ubundu na bado ningebaki na sahani ya skrubu mkononi. Papa Ramazani, bwana wangu wa kazi, alitoka familia ya zamani ya Kiislamu ya hapa mjini, mafundi toka babu. Babu yake alishona viatu, baba yake alitengeneza saa, yeye akaangukia pikipiki. Alikuwa na subira ya mshona viatu na macho ya fundi wa saa. Wakati huo watu wengi walikuwa bado wanapanda toleka, zile baiskeli zenye kiti cha nyuma, na pikipiki ya taksi ilikuwa kitu kipya ambacho watoto walikifuata barabarani.

Sasa, pikipiki mbili zikitoka kartoni za aina moja, zikaungwa siku moja na mkono mmoja, kwa nini baada ya mwezi hii inakimbia na ile inakohoa? Madereva wa libongo, pale pirogi za Lubunga zinapofikia, waligombana juu ya jambo hilo asubuhi hadi jioni. Walikuja kugombana hata mbele ya karakana, hadi Papa Ramazani akashindwa kula chakula chake.

"Bon," akasema siku moja na mkate mkononi. "Dimanche, watu wakitoka misa, mwende kule kwenye barabara iliyonyooka, mukimbie. Lakini vile moto inatumika mu kazi, ni vile itakimbia. Hakuna kutoa kitu, hakuna kuongeza kitu."

Sheria ikawa hiyo, na moto kwetu ni pikipiki, si ule wa jikoni. Bomba la moshi lile lile la kartoni, vioo, karie ya mizigo, hata ule mguu wa kusimamishia unaogonga-gonga. Na kwa kuwa pikipiki ya taksi kazini haiendi kiti kitupu, lazima nyuma akae mteja, mtu mzima aliye hai. Ishara ya kuondoka ilikuwa kifuniko cha sufuria: Papa Ramazani anakiachia juu ya jiwe, kinalia, mnaondoka. Mwisho ulikuwa tanuru la matofali. Hapo katikati kulikuwa na udongo mwekundu, changarawe, mbuzi, na sala za mama zenu.

Mtu aliyenibeba mimi, Amisi, alikuwa Feruzi. Huyu alikuwa dereva aliyeegesha libongo, mrefu, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa gazi, ule mshiko wa kuongeza mwendo, na pikipiki yake ilitoka karakana yetu. Mimi wakati huo nilikuwa mwembamba hivi kwamba mvua ilinikosa. Feruzi aliponiona akasema, "Huyu ndiye ninamutaka. Huyu hana kilo hata moja." Tuliamini wote kwamba mteja mwepesi ndiye ushindi.

Msidhani kukaa nyuma ni kukaa tu. Siku ya kwanza kifuniko kililia, Feruzi akaachia ambrayaji, yaani klachi, pikipiki ikaondoka, na mimi nikabaki. Nilibaki hewani kidogo nikiwa bado nimekaa, magoti yamekunjwa, mikono imeshika tumbo la mtu ambaye hayupo tena, kisha nikakaa barabarani. Feruzi alifika tanuru akishangilia peke yake. Akageuka, akaniona kule mbali nimekaa kama chifu. Papa Ramazani aliandika kwamba tumeshindwa. Tangu hapo nikajifunza: magoti yabane, kifua kiguse mgongo wa dereva kabla ya kifuniko kulia, kichwa kiinamie upande ule asiotazama kioo, na mdomo ufungwe. Hili la mdomo nililipuuza Jumapili moja nikameza mdudu mwenye ukubwa wa kuku.

Na rodaje, yaani kuizoesha injini mpya kazi, nyinyi wa leo hamuijui kabisa. Mnanunua pikipiki asubuhi, mchana mnaifungua gazi yote, jioni mnasema imetengenezwa vibaya. Papa Ramazani alitufundisha kwamba injini mpya hailazimishwi wala haibembelezwi. Uipeleke taratibu siku za kwanza, lakini usiiache kwenye mwendo mmoja kama mtu anayesindikiza jeneza; uipandishe, uishushe, uiache ipoe, ubadilishe mafuta mapema hata kama roho inakuuma kuyamwaga. Yale mafuta ya kwanza uyaangalie juani. Yakimeta-meta sana, kuna chuma kinachosagika. Jamaa mmoja alituambia ameshamaliza rodaje. Tulipomuuliza aliifanyaje, akasema aliiwasha nyumbani usiku kucha huku yeye amelala. Papa Ramazani aliomba kiti.

Kwa mambo hayo ya rodaje nzuri, na kwa wepesi wangu, Feruzi alishinda kila Jumapili. Mji mzima ulimjua. Wasichana wa soko walimpa ndizi bure, na mimi nilipewa ganda.

Kisha akaja Losambo.

Losambo alitoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Alivuka asubuhi na pikipiki yake imesimama ndani ya pirogi, yeye ameishika pembe kama mbuzi. Mtu mtulivu, asiyejibu utani. Nyuma yake alikaa mteja wake wa kila siku, Mama Zaina, mwuza samaki. Mama Zaina alikuwa mama wa kujaa. Siwezi kusema alikuwa na kilo ngapi kwa sababu mzani wa soko uliomba msamaha. Tulipomwona akipanda nyuma ya Losambo kwenye mstari wa mashindano, Feruzi alicheka hadi akashuka.

"Losambo, ndugu yangu, umeleta na nyumba?"

"Nimeleta client wangu," Losambo akajibu, basi.

Lakini Feruzi alicheka akiwa ametazama upande mwingine, na sababu mnapaswa kuijua tangu sasa. Feruzi alikuwa amemwoa binti wa Mama Zaina. Yule mama alikuwa bokilo wake, mama mkwe. Nyinyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana, lakini kwa watu wa kwao Feruzi, na bokilo hamshikani mkono, hamli sahani moja, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini. Ndiyo maana, ingawa mkwewe ana pikipiki inayosifiwa mji mzima, Mama Zaina alibebwa na Losambo. Kila siku mabeseni ya samaki, mchanga wa ukingo wa mto, kupanda ule mteremko, Losambo na yeye.

Kifuniko kikalia. Nilishika tumbo la Feruzi, nikabana magoti, nikafunga mdomo. Nilipofungua macho, niliona mgongo wa Mama Zaina. Nitaendelea kuuona hadi siku yangu ya mwisho, kitenge cha kijani chenye picha za feni, kinaenda mbele yetu, kinapungua. Wakatushinda. Jumapili iliyofuata wakatushinda tena. Na ile nyingine tena, vibaya zaidi, na mvua ilikuwa imenyesha.

Hapo Feruzi akaacha kucheka.

"Ile si moto, ni avion, ni ndege kabisa!" alipiga kelele mbele ya watu wote pale kwenye tanuru. "Losambo, umeweka pistoni ingine. Fungua injini tuone!"

"Nifungue nini? Weye ushindwe, mimi nifungue?"

"Kama iko safi, unaogopa nini?"

"Naogopa joint, bwana! Nikifungua, joint iliyo pale kati inapasuka. Nitatoa wapi ingine? Bateau iko wapi?"

Hapa nisimame kidogo. Joint ni ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Ukifungua injini, imekwisha. Huwezi kuirudisha, pikipiki itatema mafuta na kupoteza nguvu. Mji mzima, majira yale, hakukuwa na joint hata moja ya aina ile. Maji ya mto yalikuwa yamepungua, meli imekwama kwenye mchanga huko chini, na hakuna aliyejua itafika lini. Losambo akifungua injini, analala njaa yeye na watoto wake hadi meli ije. Asipofungua, madereva wa libongo walikuwa wameshasema: mtu anayedanganya kwenye mashindano atadanganya na wateja, hataegesha tena pamoja na sisi. Na dereva wa taksi bila mahali pa kuegesha libongo, wateja wa pirogi atawapata wapi? Barabara zote mbili zilimpeleka kwenye njaa. Alisimama pale, mkono juu ya tanki la pikipiki yake, kama mtu anayetuliza mnyama.

Watu walianza kusukumana. Wa Lubunga upande huu, wa libongo upande ule. Mmoja alishavua saa yake akampa mwenzake amshikie, na nyinyi mnajua maana yake.

Papa Ramazani akagonga kifuniko chake juu ya jiwe. Wote wakamgeukia.

"Losambo hataki kufungua," akasema. "Ana haki. Tutaijua injini bila kufungua. Tubadilishe ma-client. Feruzi abebe Mama Zaina. Losambo abebe Amisi. Tuone ni nini inashinda: ni moto, ao ni mutu wa nyuma."

Lilikuwa wazo zuri sana. Liliishi muda wa pumzi moja.

"Papa Ramazani!" Mama Zaina alishusha beseni lake chini. "Iko na akili kweli? Huyu ni bokilo wangu! Nimushike tumbo? Mbele ya batu?"

Feruzi alikuwa ameshageuka anatazama mawingu, shingo nzima imekakamaa. Mtu akapendekeza waweke kitambaa katikati. "Kitambaa?" Mama akasema. "Hata muweke ukuta!" Mwingine akasema wafunge gunia la mchele badala yake. Lakini gunia halijui kuinama mbele, na wa Lubunga wakakataa, wakasema Mama yao si gunia.

Ndipo Papa Ramazani akanitazama mimi.

"Amisi, unajua kuendesha moto?"

"Papa, mimi ni client."

"Sijakuuliza weye ni nani. Unaziunga, unazijaribu kila siku mbele ya karakana. Utaendesha ya Feruzi, umubebe Mama Zaina. Na Feruzi akae nyuma ya Losambo."

Fikirini vizuri jinsi mzee alivyopanga. Losambo angeweza kushindwa kwa hila: apunguze gazi kidogo, ashindwe, watu waseme kumbe ni Mama, injini haina kosa. Lakini nyuma yake anakaa Feruzi, mshitaki wake, kifua juu ya mgongo, jicho juu ya mkono wa gazi. Na mimi, mtoto wa karakana, ningeweza kushindwa makusudi ili bwana Feruzi aonekane ana haki. Lakini nyuma yangu yuko Mama Zaina. Kila mmoja alibebeshwa shahidi wa upande mwingine. Tribunal ya mji huu haijawahi kukaa vizuri namna ile.

Mama Zaina akapanda. Pikipiki ikashuka. Springi zililia sauti ambayo sijawahi kuisikia katika maisha yangu ya ufundi, kama paka anayeitwa jina lake. Gurudumu la mbele likawa jepesi mkononi, linataka kwenda kuona jua.

"Mama, itanyanyuka," nikasema.

"Haitanyanyuka. Mutoto, weye achia tu. Mimi najua lini ya kukaa na lini ya kuinama."

Kando yangu Losambo alikuwa tayari. Nyuma yake Feruzi amekunja miguu yake mirefu, magoti yamefika mabegani, anafanana na panzi aliyekamatwa. Nilimwona anasogeza kichwa hadi shavuni kwa Losambo ili aone vizuri ule mkono.

"Nakuona," akamwambia.

"Ona," Losambo akasema.

Kifuniko kikalia.

Nikaachia ambrayaji kwa woga, na ndipo nilipoelewa kila kitu, kwa makalio kabla ya kichwa. Miezi yote niliyokaa nyuma ya Feruzi, tulipoondoka, gurudumu la nyuma lilizunguka bure kwanza, likichimba udongo na kuwarushia watazamaji changarawe. Tulidhani lile vumbi ni nguvu. Sasa gurudumu halikuzunguka bure. Mama Zaina alikuwa ameketi kwa uzito wake wote juu yake, gurudumu likauma udongo kama mbwa, tukaenda. Nilipiga kelele. Halafu mwendo ulipopatikana, nikamsikia anainama, kifua chake chote juu ya mgongo wangu kama mlango unaofungwa, na gurudumu la mbele likatulia barabarani. Hivyo ndivyo alivyokuwa anapanda ule mchanga wa mto kila siku na mabeseni yake. Alikuwa ameshafanya mashindano kabla yetu sote, bila kujua kwamba ni mashindano.

Upande wangu wa kulia Losambo alibaki nyuma katika wingu jekundu, gurudumu linazunguka bure. Lakini wepesi nao una siku yake. Tulipofika katikati walianza kutufikia. Mimi, dereva wa ajabu, nikatafuta gia ya tatu nikaikuta ya kwanza ya jirani. Pikipiki ikapiga kelele, ikajikwaa.

"Amisi," sauti ikasema sikioni, tulivu kabisa, kama anayeuliza bei. "Naona mukono yako."

Nikapata gia. Nikafungua gazi yote hadi ikagonga mwisho. Tanuru lilikuja likiwa kubwa, gurudumu la Losambo liko pembeni ya mguu wangu, halafu pembeni ya gurudumu langu, halafu tanuru likapita. Tulitangulia kwa upana wa tairi. Mimi huwa nasema upana wa nyumba, lakini leo naandika, kwa hiyo niwe mwaminifu: tairi.

Wote walimtazama Feruzi. Alishuka polepole nyuma ya Losambo, uso wote mwekundu wa vumbi, meno tu ndiyo meupe. Papa Ramazani akaja akitembea na kifuniko chake.

"Feruzi. Alipunguza gazi?"

Nyinyi mnamjua mtu mwenye maneno mengi. Siku hiyo aliombwa neno moja. Angesema "ndiyo" moja tu, na Losambo asingeegesha tena libongo, na yeye Feruzi angerudia kupewa ndizi. Hakuna mwingine aliyeuona ule mkono. Losambo hakumtazama, alikuwa anafuta kioo chake kwa kidole.

"Hapana," Feruzi akasema. "Alifungua mpaka mwisho. Niliangalia kila wakati."

"Na moto yake?"

"Iko kama yangu tu." Akapangusa vumbi mdomoni. "Kama yangu kabisa."

Watu wa Lubunga wakalipuka. Yule aliyevua saa akaiomba arudishiwe. Losambo akashusha mabega yake, nikagundua kwamba tangu asubuhi yalikuwa juu, na akaenda kukaa kwenye matofali kidogo, peke yake.

Feruzi akanivuta. Alisimama mbali na mama mkwe wake kama heshima inavyotaka, macho chini, ingawa yule mama alikuwa anasikia kila neno.

"Amisi, umuambie mama, nilisema mubaya juu ya mutu wake. Anisamehe."

"Amisi," Mama Zaina akasema akitazama beseni, "umuambie bokilo, nimesikia. Na umuambie, kama anataka kushinda, amupe binti yangu chakula ya kutosha."

Niliyafikisha yote mawili, hatua tatu kila upande.

Basi, baada ya hapo mji uliharibika kwa utamu. Mke wa Feruzi alikula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki hadi akashika nafasi yangu, na mimi nikafukuzwa kazi ya mteja kwa kosa la ubavu. Madereva walipita sokoni wakichagua mama wa nyuma kama wanavyochagua mananasi. Wembamba tulikosa heshima kwa miaka. Halafu ikaja lami kwenye barabara ile, na mambo yakageuka tena: kwenye lami gurudumu halizunguki bure, uzito ukawa hasara, na wakaanza kunitafuta tena, lakini wakati huo nilikuwa nimeshapata tumbo langu pamoja na diploma yangu ya masomo ya jioni, na vyote viwili nilivipata kwa jasho. Kwa hiyo nyinyi mnaokimbia leo, kabla ya kuuliza injini ya mwenzenu ina nini, shukeni mwangalie chini mnakimbia juu ya nini.

Mambo ya mashindano niliyaacha. Losambo aliendelea kuegesha libongo, mahali pazuri kabisa, karibu na ngazi. Miaka ikapita juu yetu. Karibu na mwisho wa kazi yangu, Papa Ramazani akiwa ameshapumzika na karakana mikononi mwangu, Losambo aliisukuma pikipiki yake ile ile ndani ya karakana. Injini ilikuwa imekufa kwa uzee, kifo cha heshima.

"Sasa unaweza kufungua," akaniambia. "Joint ziko nyingi siku hizi."

Nilimtuma mtu amwite Feruzi. Alikuja na mvi zake, akakaa kwenye kreti. Nikalegeza skrubu ambazo hakuna ufunguo uliozigusa tangu kartoni, zililia zote. Nikainua kichwa cha injini, nikatoa pistoni, nikaipangusa, na juu yake alama ya kiwanda ilikuwa bado inasomeka, ile ile ya kila pikipiki niliyoiunga. Nikampa Feruzi. Hakuisoma. Akaipitisha moja kwa moja mkononi mwa Losambo.

"Angalia basi," Losambo akasema. "Si uliitaka hii?"

"Niangalie nini?" Feruzi akajibu. "Mimi niliona siku ile. Nilikuwa nyuma yako."